Krishna yupi akae nyumbani? Sura tano za mungu mmoja, na kazi inayokuja na kila moja

Mtu anaingia dukani kutafuta murti, yaani sanamu ya ibada, ya Krishna kwa ajili ya pembe ya ibada nyumbani. Anaonyeshwa mtoto anayetambaa, kijana mwenye filimbi na mwanamke ubavuni mwake, mweusi aliyeinua mkono, kipande cha mti chenye macho ya duara, na mwingine aliyejishika kiuno juu ya tofali. Wote ni Krishna. Muuzaji atamsifia anayeng'aa zaidi, au aliyebaki rafuni muda mrefu.

Kwa Wavaishnava, Wahindu wanaomwabudu Vishnu na Krishna, hii si miungu mitano. Ni mmoja, katika umri na hali mbalimbali. Kinachobadilika ni wewe unasimama wapi mbele yake, na mahali pako ndipo panapoamua uamke saa ngapi, upike nini, na kama unaweza kufunga nyumba ukaenda harusini wiki nzima. Anayechagua sura amechagua na kazi yake. Wengi wanaokuja kujuta walipenda sura, kazi hawakuambiwa.

Vya kupimia

Vigezo sita vinatosha. Kwanza uhusiano: mapokeo ya Vaishnava yanataja hali tano za moyo mbele ya Krishna, nazo ni utulivu (shanta), utumishi (dasya), urafiki (sakhya), ulezi (vatsalya) na mapenzi (madhurya). Pili, muda wa kila siku. Tatu, jiko. Nne, kitu murti ilichotengenezwa nacho na jinsi kinavyostahimili hewa ya mahali ulipo. Tano, ruhusa: kuna sura unazoweza kuanza nazo kesho, na kuna zinazopitia kwa mwalimu. Sita, safari na maradhi.

Bei imeachwa kwa makusudi. Murti hulipiwa mara moja. Samli, maua na muda hulipiwa kila kukicha.

Kuzitambua

Laddu Gopal ni Krishna mchanga anayetambaa, mkono wa kushoto sakafuni, wa kulia umeshika donge la siagi au ladu. Ndiyo, jina ni lile lile la ladu za Pwani, ila zao kwa kawaida ni za unga wa dengu na samli. Karibu kila mara huwa wa shaba ya manjano na huuzwa kwa namba, kuanzia 0. Hapo pana mtego: namba hazifanani baina ya watengenezaji, kwa hiyo nguo ya "namba 3" ya duka hili huenda isimwenee "namba 3" wa duka lile. Nenda na uzi, mpime kimo na mzunguko wa kifua, ndipo ununue nguo.

Radha na Krishna husimama pamoja. Krishna amejipinda mahali patatu, shingoni, kiunoni na gotini, mguu mmoja umevuka mwingine, filimbi mdomoni. Radha yuko kushoto kwake, maana yake kulia kwako wewe unayetazama. Ukiwapanga kinyume, ndilo kosa la kwanza litakaloonwa na mgeni anayejua.

Shrinathji ni Krishna wa miaka saba aliyeuinua mlima Govardhan kwa mkono wa kushoto ili kuwakinga wachungaji na mvua ya Indra, mungu wa mvua. Ngumi ya kulia iko kiunoni. Murti ya asili ni jiwe jeusi lililotolewa Govardhan enzi za mfalme Aurangzeb na kuwekwa Nathdwara, Rajasthan, mwaka 1672. Majumbani huonekana zaidi kama picha.

Jagannath wa Puri, Odisha, huchongwa kwa mwarobaini, mti huu huu tunaouchemsha majani kwa homa. Mikono ni vigutu, macho ni duara kubwa. Hakai peke yake: ukiwatazama, Balabhadra kaka yake mweupe yuko kushoto, Subhadra dada yao wa manjano katikati, na yeye mweusi kulia. Wale wawili wana macho ya umbo la lozi. Duara ni lake tu.

Vitthal wa Pandharpur, Maharashtra, amesimama juu ya tofali, mikono kiunoni. Husimuliwa kwamba Krishna alimbishia hodi Pundalik naye yuko katika kuwahudumia wazazi wake. Pundalik akamtupia tofali asimame hapo asubiri. Mpaka leo anasubiri. Pembeni yake huwekwa Rukmini, ambaye Wamarathi humwita Rakhumai.

Wewe ni nani kwake

Kwa Laddu Gopal wewe ni mzazi. Nyumba zenye mazoea naye hazimwombi mengi. Humuuliza kama ameshiba, kama jua halimchomi. Anayetafuta mungu wa kumlilia shida zake huchelewa kuipata lugha hapa, maana mtoto wa kutambaa halemewi mizigo ya watu wazima. Sura hii huwakaa vizuri wazee ambao watoto wameshahama, na nyumba zenye watoto wadogo, kwa kuwa mtoto wa miaka minne anaelewa mara moja kwa nini Gopal anavuliwa nguo za jana.

Shrinathji naye ni mtoto, ila wa nyumba ya mkuu wa kijiji, mwenye ratiba, wapishi na waimbaji. Ni kitovu cha Pushtimarg, njia iliyoanzishwa na Vallabhacharya (1479–1531). Watu wake hukwepa neno puja, husema seva. Tofauti wanaieleza hivi: puja inaweza kuwa na ombi ndani yake, seva ni kumhudumia kwa ajili ya raha yake, basi.

Kwa Radha na Krishna neno ni mapenzi, na hapa wageni hupotea njia. Katika mapokeo ya Gaudiya, yanayotoka kwa Chaitanya (1486–1534), mwabudu hajiweki mahali pa mpenzi. Anakuwa mtumishi wa Radha, na kwa Krishna anafika kupitia kwake. Kwa sababu ya uzito huo, jumuiya nyingi za Hare Krishna humshauri anayeanza aweke kwanza Gaura-Nitai, yaani Chaitanya na Nityananda walioinua mikono, ambao huhesabiwa kuwa wepesi wa kusamehe makosa ya huduma.

Jagannath maana yake bwana wa ulimwengu, lakini anakuja na ndugu zake, na huugua. Kila mwaka mbalamwezi ya mwezi wa Jyeshtha huogeshwa kwa mitungi 108 ya maji, kisha husemwa ameshikwa na homa, akafichwa karibu siku kumi na tano. Akipona ndipo hutoka kwa magari makubwa ya mbao, Juni au Julai, safari ya kilomita tatu hivi hadi hekalu la Gundicha. Hekalu la Puri haliruhusu wasio Wahindu kuingia. Siku ya magari yeye ndiye anayewafuata watu barabarani. Anayejihisi mgeni katika mapokeo haya mara nyingi huanza kwake, na mantiki yake inaonekana.

Vitthal huitwa mama: "mauli", kwa Kimarathi. Ni sura ya wakulima, washona nguo na wajakazi. Chokhamela, mtakatifu wa karne ya 14 kutoka tabaka la Mahar, aliimba akiwa nje ya mlango ambao hakuruhusiwa kuuvuka. Dalit, watu wa matabaka yaliyotengwa, walifunguliwa hekalu hilo mwaka 1947, baada ya mfungo wa Sane Guruji.

Saa ngapi kwa siku

Tuanze na Laddu Gopal, kwa kuwa ndiye anayechukuliwa kwa wepesi kuliko wote na ndiye anayedai zaidi.

Asubuhi mwamshe kwa kengele ndogo, mvue nguo za kulalia. Tandika kitambaa ndani ya sinia kabla ya kumweka, kwani shaba iliyolowa sandali huteleza kama sabuni. Mwogeshe kwa maji vuguvugu, kikombe kimoja kinatosha. Mkaushe kwa kitambaa cha pamba, hasa chini ya kidevu, kwapani na nyuma ya goti. Unyevu ukilala humo, kutu ya kijani huanzia hapo na wiki mbili baadaye unaisugua kwa mswaki. Halafu tone la sandali kwenye paji, nguo, taji, unyoya wa tausi, shanga, filimbi. Chakula kiwekwe mbele yake, pazia lishushwe dakika kumi na tano, kisha arti, yaani kumzungushia taa. Mchana anakula tena. Jioni taa na arti. Usiku maziwa yenye iliki, nguo za kulalia, kitanda. Anayeanza atumie saa nzima asubuhi; akizoea, nusu saa. Kwa siku nzima weka saa moja na nusu.

Panchamrit, mchanganyiko wa vitu vitano, si wa kila siku. Uweke kwa Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, na sikukuu nyingine. Kwa murti ya urefu wa kidole: maziwa vijiko vinne vya chakula, mtindi viwili, asali kimoja, sukari kimoja, samli nusu kijiko cha chai. Samli ikizidi huganda kwenye michoro ya nywele na kuvuta vumbi mwezi mzima.

Mavazi yafuate hewa ya nyumba anayoishi. Vrindavan, mji wa Krishna huko India, humvika sufi Desemba kwa sababu kuna baridi. Kumfunika sufi Mombasa mwezi huo kwa kuwa kalenda ya India imesema hivyo ni kulea kwa karatasi. Nairobi mwezi wa Julai, haya, sweta lake linafaa.

Shrinathji wa Nathdwara hufunguliwa mara nane kwa siku: Mangala, Shringar, Gwal, Rajbhog, Utthapan, Bhog, Sandhya na Shayan, na kila mara ina nyimbo zake, mavazi yake na mlo wake. Nyumba za kawaida huziunganisha, za asubuhi pamoja hadi Rajbhog, za jioni pamoja hadi Shayan. Kinachokula muda zaidi ni usafi: anayehudumu huoga, huvaa nguo zilizotengwa, na tangu hapo haguswi na asiyekuwa katika hali hiyo mpaka amalize. Katika nyumba yenye bafu moja na watu sita wanaowahi kazini, hilo ndilo huvunja mpango. Kwa anayehudumia picha tu mzigo ni mwepesi zaidi, dakika ishirini asubuhi na kumi jioni.

Radha na Krishna wana miili miwili, kwa hiyo nguo ni pea na maua ni maradufu, lakini uzito wa muda uko kwenye shanga zaidi ya madhabahu. Aliyepokewa rasmi katika ISKCON, shirika la Hare Krishna, huahidi raundi 16 kila siku, kila raundi shanga 108, yaani mahamantra, wito wa majina ya Krishna, mara 1,728. Aliyezoea humaliza kwa saa mbili hivi. Asiye na ahadi hiyo anaweza kufanya raundi moja na arti ya dakika kumi.

Jagannath haogeshwi nyumbani. Weka kioo kidogo mbele yake, sura yake ionekane ndani, umwagie kioo maji. Hata Puri kwenyewe huduma ya asubuhi hutumia kioo. Maua, ubani, chakula, taa. Robo saa.

Vitthal ndiye mwepesi kuliko wote kwa mikono: shada la tulsi (ndugu wa mrehani wetu), alama ya sandali, wimbo mmoja wa abhang au Haripath jioni. Dakika kumi. Deni lake liko tumboni na miguuni. Wavarkari, mahujaji wa Vitthal, hufunga Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu mwezi, na wanaoweza hutembea kwa miguu karibu wiki tatu kutoka Alandi au Dehu hadi Pandharpur, wafike Ekadashi ya mwezi wa Ashadha.

Jiko

Kanuni za pamoja kwanza, kwani hapa makosa ni yale yale kwa sura zote. Hakuna nyama, samaki, mayai, kitunguu wala kitunguu saumu. Jani la tulsi huwekwa juu ya kila chakula. Nyumba nyingi hazilichumi jua likishazama wala siku ya Dwadashi inayofuata Ekadashi, kwa hiyo chuma mapema. Hakuna kuonja kabla hajatengewa. Ndiyo maana wapishi wazoefu hupima chumvi kwa kijiko: kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kimoja cha dengu kavu, utarekebisha baadaye ikishakuwa prasad, chakula kilichokwisha kutengwa kwake. Na usiache sahani ilale. Baada ya dakika kumi na tano hadi ishirini iondoe, la sivyo sisimizi wataijua njia, na wakishaijua hutawatoa kwenye nguo za tarizi.

Laddu Gopal anapenda siagi, maziwa, sukari ya mawe na matunda laini. Pilipili achana nayo, ni mtoto. Janmashtami, usiku wa manane, ndio wakati wa vyakula vingi. Siku nyingine ndizi moja na maziwa hutosha.

Kwa Shrinathji jiko ndilo hekalu. Vyakula vilivyopikwa kwa maji, kama wali na dengu, vina masharti makali ya usafi kuliko vile vya samli na maziwa. Asiye na jiko la kutenga huweka sukari ya mawe, matunda makavu na maziwa. Siku ya Annakut, kesho yake Diwali, hupangwa mlima wa chakula kukumbuka Govardhan. Majumbani watu hufanya kadiri ya uwezo.

Jagannath ni bwana wa wali. Jiko la Puri hupika kwa vyungu vya udongo juu ya kuni, na halitumii viazi mviringo wala nyanya. Chakula chake, mahaprasad, huliwa bila kuulizana tabaka. Anayejua kupika wali, dengu na mboga zilizokunwa nazi tayari anajua nusu ya kazi.

Radha na Krishna wako katikati: mlo wa kawaida wa nyumba, ukiwa safi. Vitthal hutosheka na kidogo, na siku ya Ekadashi hakuna nafaka wala kunde. Viazi, matunda, karanga na maziwa huruhusiwa.

Shaba, marumaru, mti, karatasi

Shaba ya manjano hustahimili maji, haistahimili chumvi ya hewa ya bahari. Mjini Zanzibar au Tanga huanza kufifia ndani ya wiki. Watu hukimbilia ukwaju na ndimu, na kweli hung'arisha, lakini tindikali hiyo hiyo hula rangi ya macho na midomo. Sugua mgongo na msingi kwa ukwaju, uso uguse kwa kitambaa chenye maji tu. Suuza mara mbili, kausha, usimwache dirishani.

Marumaru, ambayo ndiyo malighafi kuu ya Radha na Krishna wa kisasa, ina adui asiyedhaniwa: mtindi. Marumaru ni chokaa, na kila kitu kichachu hula uso wake ukabaki mkwaruzo usiosuguliwa ukatoka. Manjano na zafarani huacha doa la kudumu. Kama murti ni ya marumaru iliyopakwa rangi, ogesha miguu tu kwa maji, au tumia picha ndogo au kioo kwa panchamrit. Mkono ulioshika filimbi ni mwembamba. Mvishe kuanzia mkono huo, usiumalizie.

Mti wa Jagannath usilowe kabisa: rangi huinuka kama ngozi iliyoungua, na nyufa huonekana msimu wa kiangazi unapofuata. Uweke kwenye kibao kilichoinuliwa, umbali wa vidole vinne kutoka ukutani, ukague chini kila mwezi kama kuna unga wa mchwa au dumuzi. Mwarobaini ni mchungu kwa wadudu, ila murti nyingi za madukani si mwarobaini. Wenye wasiwasi kwamba mti hauna maisha marefu wakumbuke kwamba hata Puri miili hubadilishwa: mwaka ambao mwezi wa Ashadha hujirudia katika kalenda, kama 1977, 1996 na 2015, huchongwa mipya na ile ya zamani kuzikwa.

Picha ya Shrinathji iwe na kioo na nafasi ndogo kati ya kioo na karatasi. Bila nafasi hiyo unyevu huibandika na rangi hutoka na kioo siku ukiifungua. Vitthal huuzwa kwa jiwe jeusi au shaba. Jiwe halina usumbufu, tone la mafuta ya nazi mara moja moja linatosha.

Na kwa wote: nguo za kung'aa za kitambaa cha plastiki hushika moto haraka. Taa ya arti ikizungushwa, iwe mbali na pindo angalau urefu wa mkono mpaka kiwiko.

Ruhusa ya nani

Bhagavata Purana, kitabu cha kumi na moja, inataja aina nane za umbo linaloabudiwa: jiwe, mti, chuma, udongo, mchoro, mchanga, kito, na lile lililo moyoni tu. Picha, kwa hiyo, si ngazi ya chini. Inayobadilisha mambo ni ibada ya kutia uhai, prana pratishtha. Ikishafanywa huduma ni ya kila siku bila kuruka, na ndiyo maana makuhani wengi huwashauri wenye nyumba wasiikimbilie.

Kuanza na Laddu Gopal, Jagannath au Vitthal hakuhitaji idhini ya mtu yeyote. Kwa Wavarkari shada la tulsi shingoni ni ahadi ya kuacha nyama na pombe, lakini murti haingojei hilo. Radha na Krishna katika picha wako wazi kwa kila mtu. Kwa murti, ikiwa uko karibu na jumuiya ya Gaudiya, zungumza kwanza na mwalimu.

Shrinathji ndiye mwenye mlango. Huduma kamili hufuata Brahmasambandh, ahadi inayopokewa kutoka kwa Goswami wa ukoo wa Vallabha, naye ndiye hukabidhi umbo la kuhudumiwa nyumbani. Anayenunua sanamu mwenyewe na kuanza seva kamili hatazuiwa na mtu, ila atajikuta na maswali ambayo kitabu hakijibu. Kwa Wagujarati na Wakachchhi wa Afrika Mashariki njia hii ni ya kale: Wabhatia, jamaa ya Jairam Shivji aliyekodi forodha ya Zanzibar enzi za Sayyid Said, kwa jadi ni watu wa Pushtimarg. Nyumba yenye bibi wa mapokeo hayo ina mwalimu tayari jikoni.

Ukisafiri, ukiugua

Laddu Gopal husafiri nawe. Kikapu kilichotandikwa, nguo mbili, kikombe chake. Kwenye ndege aende mkobani, si kwenye sanduku la mzigo. Ukishindwa kumchukua, mwache kwa jirani anayemjua, kama unavyomwacha mtoto, pamoja na maelezo ya chakula.

Aliyekabidhiwa umbo la Pushtimarg humpeleka kwa nyumba nyingine iliyopokea ahadi hiyo hiyo. Jirani yeyote hafai. Usipokuwa na nyumba kama hiyo katika mji wako, lihesabu hilo kabla ya kuomba. Radha na Krishna wakubwa hawabebeki: mtu mmoja wa nyumba lazima abaki, au ukubali kuwaachia huduma fupi ya maji na ubani. Jagannath hubaki kwa utulivu zaidi, na nyumba nyingine hutumia siku zake za kuugua kupaka upya madhabahu na kufua mapazia. Vitthal amezoea kungoja.

Kwa hali yako

Unatoka alfajiri, unarudi usiku, unaishi peke yako: Vitthal, au picha ya Radha na Krishna yenye raundi moja ya shanga. Usianze na Laddu Gopal ukitegemea kwamba muda utapatikana mbele.

Kuna mtu nyumbani mchana, anapenda kushona na kupika vitu vidogo: Laddu Gopal, shaba, kimo cha kidole au kiganja. Mkubwa zaidi ya hapo ni mzito kwa kuogesha.

Familia yenu tayari ni ya Pushtimarg: Shrinathji, lakini anzeni na picha kwa mwaka mzima, Mangala na Shayan bila kukosa, kabla ya kuomba mkabidhiwe umbo.

Nyumba ya ndugu wengi, watu wanaingia na kutoka, chakula kinapikwa sufuria kubwa: Jagannath na nduguze.

Mmoja wa wanandoa ni mfuasi, mwingine bado: Vitthal au Jagannath, ambao hawamlazimishi asiyeamini kubadili jiko lote. Radha na Krishna wangojee mpaka wawili mkubaliane, maana huduma yao hulemea mtu mmoja.

Unakaa karibu na bahari, nyumba ina unyevu: jiwe au picha yenye kioo. Shaba utaiweza ukikubali kuikausha kila siku.

Hujaamua: Krishna anasema katika Gita, sura ya 9, kwamba hupokea jani, ua, tunda au maji yakitolewa kwa upendo. Chukua picha ndogo za sura mbili zinazokuvuta, weka moja kwa siku ishirini, nyingine ishirini zinazofuata, kila asubuhi saa ile ile, glasi ya maji na jani la tulsi. Andika kwenye karatasi siku ulizokosa, na kwa nini. Ukienda dukani baadaye, nenda na karatasi hiyo pamoja na ule uzi wa kupimia.